Miwani ya Fundi Shiundu

Fundi Shiundu alikuwa na miwani ambayo hakuna mtu Kawangware 46 aliyewahi kuiona. Mara imesahaulika chumbani, mara imeachwa kwa shemeji yake kule Makina, mara imelegea skrubu na inangoja kukazwa, na aliyekuwa akisema hivyo ni mtu aliyewakazia wenzake skrubu maisha yake yote. Ukimpa barua, miwani haipo. Ukimpa gazeti, haipo. Lakini ukimpa kipande cha chuma alikigeuza vidoleni mara moja, akakutajia unene wake, na ukikipima ulimkuta hajakosea hata kwa unene wa karatasi. Macho yalikuwa mazima. Shiundu hakujua kusoma, basi, na angekubali kutembea uchi hadi mtaa wa Satellite kuliko kulisema hilo.

Miwani hiyo ilizaliwa mwaka wa sitini na nne. Shiundu alikuwa ametoka Butere miaka sita kabla, akaingia karakana moja ya Industrial Area kufagia, na huku akifagia alimtazama fundi wa leth, ile mashine inayokishika chuma na kukizungusha huku kisu kikikichonga mpaka kiwe mviringo safi. Fundi yule alikuwa na pombe nyingi na Jumatatu chache. Jumatatu moja hakuja kabisa, Shiundu akaweka ufagio chini, na tangu siku hiyo hadi mwenye karakana alipouza kila kitu na kuhamia Kanada, mashine ilikuwa yake. Alipopelekwa kufanya mtihani wa ufundi wa serikali, alikereza chuma hadi msimamizi akamwita mwenzake aje aone. Kisha wakampa karatasi ya maswali. Shiundu aliitazama, akajipapasa mifuko yote, akasema amesahau miwani. Wakamwambia arudi nayo mwaka ujao. Hakurudi, ila alijitunukia Grade One, daraja la juu kabisa, yeye mwenyewe, maana hakuona mwingine aliyestahili kuitoa.

Kufikia mwaka wa sabini na tisa, Grade One huyo alikuwa akiponda mapipa ya mafuta chini ya banda la mabati, akitengeneza majiko na masanduku ya bati. Kazi ilimlisha, na ilimuuma. Kila jiko alilouza aliliona kama tusi. Kutoka karakana alikuwa amebaki na kitu kimoja tu, maikromita, kile kipimo kidogo cha mafundi, aliyoifunga ndani ya soksi. Siku kazi ikiwa mbaya aliitoa, akapima msumari, akairudisha kwenye soksi.

Mwenye ploti lilipokuwa banda hilo, Mzee Waithaka, alikuwa na vyumba ishirini na viwili, posho mill moja ya kusagia mahindi, na rangi moja. Rangi ilikuwa kijani. Alipaka lango, milango, vyoo, tangi la maji, mkokoteni, hata magunia mawili mazito yaliyowekwa juu ya paa la choo ili upepo usichukue mabati. Kwake, kitu kisicho kijani kilikuwa bado hakijanunuliwa. Mbuzi wa mpangaji mmoja aliyelala karibu na lango aliamka na ubavu wa kijani, na ilibidi wazee wa mtaa wakae kikao kizima kuamua ni wa nani. Mzee Waithaka alikuwa pia mzee wa kanisa, na mwaka huo serikali ilipotangaza kwamba kila mtu mzima asiyejua kusoma aingie darasa la ngumbaru, aliteuliwa kwenye kamati ya kuwahimiza watu. Aliwahimiza sana.

Leth aliinunua kwa sababu ya mkono wa Mburu. Mburu, mwenye ploti ya jirani, alikwenda naye kwenye mnada wa mzungu mmoja aliyekuwa akihama upande wa Limuru, kila mmoja akitafuta posho mill ya pili. Kikanadiwa kitu kilichofunikwa turubai. Mburu akainua mkono kufukuza nzi. Waithaka, kuona hivyo, akainua wake. Mburu akajiuliza mwenzake ameona nini hapo chini ya turubai, akainua tena, safari hii kwa kweli. Walipandishiana bei hivyo mpaka Mburu akachoka, na Waithaka akarudi nyumbani na lori lenye chuma asichokijua, sanduku la mbao ambalo kuku wake walilipenda mara moja, na risiti iliyokunjwa ndani ya mfuko wa koti.

Risiti ilikuwa halali kabisa. Lakini Mzee Waithaka aliona kibati cha shaba mbele ya ile mashine, chenye maandishi na namba, akaingiwa na baridi. Sisi wa huku tunajua kitu chenye namba ni cha serikali, ama cha reli, ama cha mtu atakayekuja na askari kukitafuta. Akamwita Shiundu na patasi yake, akamwambia ang'oe kibati na afute kila namba inayoonekana. Hivyo ndivyo mtu mwenye mali halali alivyomlipa mtu mwingine aifanye ifanane na ya wizi. Shiundu naye hakumkataza, kwa sababu naye ni wa huku huku.

“Kabla hujatoa,” Waithaka alisema, “hapo wameandika nini?”

Shiundu aliinama, akakunja uso, akakaa sana. Akakumbuka jinsi bosi wake wa zamani alivyovithamini vifaa vya Kijerumani hadi kuvifungia kabatini peke yavyo.

“Ujerumani, Mzee,” alisema.

Waithaka alivuta pumzi ya raha, na kabla ya jua kutua Kawangware nzima ilijua kwamba ana mashine ya Mjerumani, na Mburu alijua kabla ya wote. Kisha mashine ikapakwa kijani mara mbili: miguu, vishikio, skrubu ndefu, hata zile reli laini ambazo juu yake kisu huteleza. Shiundu alitazama brashi ikipita juu ya reli na roho ikamuuma. Kibati aliondoka nacho. Nusu yake aliigonga kwenye kufuli la sanduku la bati alilomuuzia Nasambu, mpangaji wa chumba cha tisa, kwa kuwa shaba hupendeza. Nusu nyingine iliishia kwenye majiko.

Mashine ilikaa mwaka mzima ikilaliwa na kuku. Ndipo Mburu akaleta posho mill yake ya pili, na Mzee Waithaka akakosa usingizi. Alikuja bandani akamwambia Shiundu kwamba baada ya wiki saba kuna harambee ya kanisa, na wageni watakuja kunywa chai kwake.

“Nataka wakute hiyo Mjerumani inakata bolti,” alisema. “Ikikata, banda ni yako na mashine utafanyia kazi wewe. Isipokata, nabomoa hapa najenga vyumba nne.”

Shiundu alijibu kwa sauti ya mtu anayeombwa jambo dogo. Waithaka alipoondoka, alikwenda nyuma ya banda akasimama akishika ukuta, kwa furaha na kwa hofu, na hakujua ipi ni ipi. Miaka minane alikuwa fundi wa majiko. Sasa alibakiwa na wiki saba za kuwa fundi tena, au kubeba nyundo yake na kwenda kuponda mapipa kwa Mburu.

Alianza na rangi. Aliilainisha kwa mafuta ya taa, akaikwangua kwa wembe, polepole, bila msasa, kwa sababu reli za leth ukizigusa kwa msasa umeziua. Kijani kilipotoka kikafuata kutu, na chini ya kutu chuma kikaanza kung'aa kijivu. Mzee Waithaka alipita, akaona futi mbili za mashine zimekosa rangi, akapiga kelele kwamba anaibiwa. Shiundu akamweleza, yeye akaitikia, na kesho yake zile futi mbili zilikuwa kijani tena. Siku nne walikwenda hivyo, mmoja akikwangua, mwingine akipaka. Mwishowe walikubaliana kwamba miguu ya mashine ni ya Waithaka na kwa hiyo itabaki kijani, na kilicho juu ya miguu kitaangaliwa na fundi.

Baada ya hapo Shiundu alifanya kazi kama mtu aliyerudishiwa mkono uliokatwa. Alifungua kila kitu, akakiosha, akakipanga kwenye gunia kwa mpangilio. Alimimina bushi mpya za shaba, zile pete za kushikilia mhimili, akazikwangua mpaka mhimili ukazunguka kwa kidole kimoja. Alishona ukanda mrefu kutoka injini ya dizeli ya posho mill hadi puli ya leth, na siku alipouvalisha mara ya kwanza mashine ilizunguka kimya kabisa. Alilia kidogo. Akasema ni moshi wa dizeli.

Lakini kulikuwa na pengo. Kati ya mhimili na ile skrubu ndefu panatakiwa gia, magurudumu ya meno yanayovisukuma viwili hivyo viende pamoja. Bila gia hizo mashine inachonga chuma vizuri, ila haiwezi kukikatia nyuzi, na bolti isiyo na nyuzi ni msumari mnene. Gia hazikuwepo. Na hapa ndipo mdomo wa Shiundu ulipoigeukia mikono yake. Mikono ilijua tangu siku ya kwanza. Alikuwa ameweka gumba kwenye skrubu ndefu akahesabu nyuzi nne kamili katika inchi moja, na Mjerumani hapimi kwa inchi. Mashine ilikuwa ya Mwingereza. Lakini mdomo ulikwisha kusema Ujerumani, mbele ya mwenye ploti, na mwenye ploti alikwisha kulisema neno hilo hadi kanisani.

Alikwenda mjini kwenye duka la spea la mzee mmoja wa Kihindi, akaomba gia za leth ya Kijerumani. Mzee yule akamuuliza jina na namba ya mashine. Shiundu akasema namba imefutika, kana kwamba ilijifuta. Mzee akafungua kitabu kinene chenye picha, akamwambia atafute mashine yake humo asome jina lililo chini. Shiundu akajipapasa mifuko, akatangaza msiba wa miwani. Mzee yule alikuwa mtu mwema. Alivua miwani yake mwenyewe akampa.

Shiundu akaivaa. Dunia ikawa uji. Alikaa hapo na macho yanayotoka machozi, watu wa dukani wakimngoja, kisha akadunga kidole mahali penye weusi mwingi akasema ni hii. Alirudi Kawangware na gia mbili mpya, karibu aanguke mtaroni kwa kizunguzungu, na ukanda ulipoanza kuzunguka zile gia zilitafunana kama mbwa wawili, meno mawili yakaruka hadi kwenye unga wa watu. Zilikuwa za milimita. Yeye alijua ni za milimita alipozishika tu mle dukani, na akazinunua.

Zilikuwa zimebaki siku tisa. Shiundu alikaa kwenye pipa akaitazama mashine, na kwa mara ya kwanza alijichukia waziwazi. Akainuka akaenda chumba cha tisa.

Nasambu alikuwa mwalimu wa ngumbaru. Mara mbili alikuwa amepita na daftari lake akiandikisha watu. Shiundu alimwambia anangoja miwani, na Mzee Waithaka alimwambia wanakamati hawaandikishwi, wao huhimiza. Sasa Shiundu alisimama mlangoni akaomba kuliangalia lile sanduku, kufuli lisije likawa limelegea. Nasambu akalivuta kutoka chini ya kitanda. Nusu ya kibati ilikuwa pale, imesuguliwa vizuri.

“Nisomee basi hiyo shaba, fundi,” alisema Nasambu. “Wewe ndiye uliigonga.”

Shiundu aliinua mkono kwenda mfukoni. Mkono ukafika nusu ya njia ukashuka.

“Mwalimu, mimi sijui kusoma,” alisema.

Nasambu hakucheka. Alimsomea: na Wanawe, Halifax, England. Jina la mbele na namba vilikwenda na ile nusu nyingine. Akaongeza kwamba amekuwa akiisoma kila akifungua nguo zake, na kila Mzee Waithaka alipomtaja Mjerumani alikuwa akiuma mdomo. Kisha akauliza swali ambalo Grade One hakuwahi kulifikiria: kwani mnada haukutoa risiti?

Walimkuta Mzee Waithaka akipaka ngazi. Shiundu alimweleza yote kwa pumzi moja, Ujerumani na miwani na gia za milimita, akangoja kufukuzwa. Waithaka alikasirika sana, akasema yeye alishangaa siku nyingi, akasema risiti hiyo ameisoma mara nyingi na haina neno. Nasambu akaomba aisome tena, pale mstari wa tatu. Mzee Waithaka aliitoa kotini, akaikunjua, akaiweka mbali, akaiweka karibu. Halafu, mbele ya mpangaji wake, mzee wa kanisa na mwanakamati akasema anadhani ameacha miwani yake kwenye posho mill.

Shiundu alimtazama kama mtu aliyekutana na pacha wake. Nasambu aliichukua karatasi mkononi mwa mzee akasoma kwa sauti. Mashine moja ya kukereza, jina la mtengenezaji kamili, Halifax, namba yake. Na mstari wa tatu: pamoja na gia zake kumi na mbili, ndani ya sanduku la mbao.

“Sanduku la kuku,” alisema Waithaka polepole.

Yaliyokuwa ndani ya sanduku, ilibidi akumbuke. Kuku walihitaji nafasi, na vyuma vyenyewe vilikuwa vizito, na mabati ya choo yalikuwa yanapigwapigwa na upepo. Shiundu alipanda juu ya paa la choo ambalo amepita chini yake kila asubuhi kwa mwaka mzima, akayapasua yale magunia ya kijani. Zilikuwa kumi na mbili, zote nzima, zimelala kwenye grisi yao.

Alipoteremka, Mzee Waithaka alimvuta kando na kumwekea masharti. Banda ni lake, mashine ni yake kuifanyia kazi, lakini Mjerumani atabaki Mjerumani, na hakuna atakayejua habari za miwani, si ya huyu wala ya yule. Siku mtu akijua, vyumba vinne. Shiundu alikubali haraka. Wakamgeukia Nasambu, naye akaahidi kwamba mdomo wake hautasema neno.

Siku ya harambee leth ilikata bolti ya inchi moja mbele ya pasta na Mburu, nyuzi safi, nati ikaingia kwa kidole. Mburu aliifungua na kuifunga mara tatu akitafuta kasoro. Mzee Waithaka alisema Ujerumani mara kumi na moja. Wiki iliyofuata alitaka kibao kizuri juu ya banda, na kwa kuwa mwalimu ana mwandiko mzuri, alimwambia Nasambu amwandikie mchoraji maneno: mashine ya Mjerumani, fundi Grade One. Nasambu aliandika. Mchoraji akachora, kwa rangi nyeupe juu ya kijani, na wanaume wawili wakasimama chini yake wakiinua vichwa na kuvitikisa taratibu kwa kuridhika.

Wateja walikuja wengi. Walifika wakiwa wanacheka, wakampiga Shiundu begani, wakamwita mcheshi. Yeye aliona ni heshima ya Grade One. Ila kicheko kilipozidi miezi miwili kilianza kumwasha, akajiandikisha ngumbaru. Hakujiandikisha kwa Nasambu. Alikwenda Satellite, ambako hakuna anayemjua, kila Jumanne na Alhamisi saa kumi, akiwa amenawa grisi mikononi. Ilimchukua miezi saba. Asubuhi moja, akifungua banda, aliinua macho na herufi zikasimama foleni zenyewe:

MASHINE YA MWINGEREZA, HALIFAX. FUNDI NA MWENYE PLOTI WOTE WAMESAHAU MIWANI.

Alikisoma mara tatu. Akahisi aibu ikimpanda kutoka miguuni mpaka masikioni, na nyuma ya aibu, bila kuitwa, kicheko. Akavalisha ukanda akaanza kazi.

Siku hiyohiyo Mzee Waithaka alileta mgeni, ofisa wa elimu ya watu wazima aliyekuja kukagua kamati. Ofisa alisimama mbele ya banda akatazama juu. Midomo yake ikaanza kucheza. Akauliza kwa adabu kama mzee amekisoma kibao hiki.

“Hayo maneno ni yangu mwenyewe,” alisema Waithaka, akanyoosha koti. “Fundi, toka umsomee mgeni kwa sauti.”

Shiundu alizima mashine. Nasambu alikuwa mlangoni mwa chumba cha tisa na daftari lake mkononi, amesimama. Mburu naye alikuwa amefika kwenye ua. Shiundu alitazama kibao, akakisoma kimya kutoka herufi ya kwanza hadi nukta ya mwisho, bila kuruka hata moja. Akatazama banda, na mashine, na ile miguu yake minne ya kijani. Kisha akajipapasa mifuko yote, mmoja baada ya mwingine.

“Samahani, Mzee,” alisema. “Leo nimesahau miwani.”